Duka la Steshenari la Mwanjelwa kwa Mchoraji Chipukizi wa Vitabu vya Watoto

Anayeanza kuchora vitabu vya picha vya watoto hapa Mbeya atasaidika sana katika duka dogo la steshenari lililo jirani na Soko la Mwanjelwa, kwa kuwa karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba huuzwa humo moja moja, na mtu anayesubiri malipo ya kazi yake ya kwanza halazimiki kununua pakiti nzima. Nilipaka rangi ya maji tabaka juu ya tabaka nikichora ukungu wa milima ya Uporoto, na karatasi haikujikunja wala kuchubuka.

Kilichonifurahisha zaidi ni skana. Kijana wa zamu hufuta kioo kwanza, kisha huskani kwa nukta 600 kwa inchi, ilhali uchapaji mzuri huhitaji angalau 300. Vilevile huunganisha kurasa 32, idadi iliyozoeleka kwa vitabu hivi kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mbili hutoa 32, zikawa kitabu cha mfano cha kumpelekea mchapishaji, ambaye huweza kukitumia kumpima mchoraji asiyejulikana.

Brashi zao ni dhaifu, nywele hunyofoka na kunasa kwenye rangi. Ni heri kuziagiza Dar es Salaam.