Tathmini ya mzazi: huduma ya vijazio vya tundu la jicho kwa mtoto aliyezaliwa bila macho

Mwanetu alizaliwa bila macho yote mawili. Huduma ninayoitathmini ni ya kumwekea mtoto wa namna hiyo vijazio vya akriliki (plastiki ngumu) ndani ya tundu za macho na kuvibadilisha kwa vikubwa zaidi kadiri anavyokua. Vijazio hivi havimletei mtoto uwezo wa kuona, na mtaalamu aliyetuhudumia alituambia hivyo waziwazi tangu mwanzo, jambo ambalo namshukuru kwalo.

Jicho linapokua ndilo linalochochea mifupa inayolizunguka kupanuka. Lisipokuwepo, tundu hubaki dogo, kope hazirefuki, na ikiwa limekosekana moja, uso hukua bila ulinganifu. Kijazio huchukua nafasi hiyo ya jicho na kulisukuma tundu lipanuke. Kwa hiyo kazi inapaswa kuanza mapema, ikiwezekana katika majuma ya kwanza ya maisha, na vijazio vya mwanzo hubadilishwa mara kwa mara. Jicho la bandia lenye rangi huja baadaye, tundu likishaweza kulishikilia.

Ninachokisifu zaidi ni kwamba hakuna kilichopachikwa kabla ya vipimo. Wapo watoto wanaodhaniwa hawana jicho ilhali wana dogo sana lililofichwa na kope, lenye kuhisi mwanga, na kuliziba ni kumnyima mtoto kile kidogo alicho nacho. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayotoa homoni, na figo pia zilichunguzwa, kwa sababu hali hii huweza kuandamana na kasoro nyingine. Tulielezwa kuwa macho huanza kujengeka mnamo juma la nne la mimba, na kwamba hitilafu ya SOX2, jeni inayosaidia kujenga macho, ambayo ni mojawapo ya visababishi vinavyofahamika zaidi vya hali hii, mara nyingi hujitokeza upya kwa mtoto bila wazazi kuwa nayo. Kila mama anayenyoshewa kidole na jamaa anastahili kuelezwa hayo.

Kasoro ya huduma ilionekana kijazio kilipodondoka na kupotea: hapakuwa na cha akiba, na tulipokuwa tukisubiri kingine, tundu lilianza kusinyaa. Aidha, hakuna aliyetuelekeza namna ya kumkuza mtoto kwa mguso na sauti. Hilo tulilitafuta wenyewe.

Ninaipendekeza huduma hii kwa dhati. Mzazi aombe kijazio cha akiba siku ileile anapopewa cha kwanza, na afundishwe kukitoa, kukiosha na kukirudisha kabla hajaondoka kliniki.