Cryptomator imenifaa mimi ninayehesabu bando

Kazi yangu ni kutunza hesabu za maduka ya watu, kwa hiyo laptopu yangu imejaa namba za NIDA, mikataba ya pango na taarifa za benki za wateja. Nilitaka nakala zikae kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, ila si zikiwa uchi. Nikapima programu tatu za kufunga faili kwa nywila, zote za bure kwenye kompyuta.

7-Zip, programu ya kufungasha faili, nilikuwa nayo tayari. Kwa folda ya mwaka uliokwisha kufungwa inatosha kabisa: chagua muundo wa 7z, weka nywila, kisha weka alama pale pa kuficha majina ya faili. Usipoweka, mtu hawezi kufungua barua ya mkopo ya mteja wako, lakini jina lake analisoma. Kwa kazi ya kila siku inachosha, maana kila badiliko ni kufungasha upya.

VeraCrypt, iliyorithi kazi ya TrueCrypt iliyoachwa mwaka 2014, ni imara, na diski yangu ya nje naifunga kwayo mpaka leo. Kwenye wingu ndipo tunapoachana. Inakusanya kila kitu ndani ya faili moja kubwa. Tengeneza ya GB 10, badilisha mstari mmoja wa leja, na kama huduma yako haijui kupandisha kipande kilichobadilika tu, zinapanda GB 10 zote. Kwa bando la nani? Halafu kuna hili wengi hawalijui: isipobadilishwa mipangilio, VeraCrypt huiacha tarehe ya faili hiyo ilivyokuwa hata ukiandika ndani yake. Programu ya wingu inaweza kuona tarehe ya zamani ikadhani hakuna jipya, nawe ukalala ukijua nakala ipo.

Cryptomator, kutoka kampuni ya Kijerumani ya Skymatic, inasimba kila faili peke yake, yaani inaigeuza isisomeke bila nywila. Nikigusa leja moja, inapanda leja moja. Majina ya faili na folda nayo yanageuka herufi zisizosomeka. Kinachobaki wazi ni idadi ya faili, ukubwa wake na saa zilipobadilishwa. Kwa hesabu za duka hilo halinisumbui. Angekuwa mwandishi wa habari za uchunguzi ningemshauri atafute kingine.

Unapoanza, kubali ikutengenezee ufunguo wa dharura. Ni maneno 44 ya Kiingereza yasiyo na maana yoyote yakisomwa pamoja. Niliuchapa kwenye karatasi, nakala moja iko kwa dada yangu Morogoro. Nywila ikipotea na karatasi nayo ikapotea, hakuna wa kumpigia simu, hata Skymatic wenyewe hawawezi kufungua.

Kwenye simu, matumizi kamili yanalipiwa. Sijanunua, risiti za wateja huja WhatsApp, naziingiza nikikaa kwenye laptopu.