Taa za Mtaa Mombasa: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Majirani wakichanga pesa za taa, sauti ya kwanza kikaoni huwa "leteni ile kali." Shida ni kwamba taa kali iliyofungwa vibaya hummulika mpita njia machoni, na aliyejibanza pembeni haonekani kabisa. Mtu hutulia moyo akitambua sura ya anayemjia hatua kumi mbele, na njia ikiwa haina mabaka ya giza. Nimezipanga kwa kigezo hicho, kisha bili.

1. LED ya stima, wati 30. Chukua yenye kofia inayotupa mwanga chini, rangi ya Kelvini 3000 (ile ya manjano kidogo, si nyeupe ya hospitali), na fotoseli ya kuiwasha magharibi na kuizima alfajiri. Usiku wa Mombasa ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo taa ya wati 100 hula uniti 438 hivi kwa mwaka. Ya wati 30 hula 131. Nguzo za mita 5, kila baada ya mita 15 hadi 20, zinatosha. Vichochoro vya Mji wa Kale havina hata nafasi ya nguzo. Huko fungeni ukutani, juu ya vibaraza. Ila kubalianeni mapema ni mita ya nani itakayobeba mzigo. Hapo ndipo michango mingi hufia.

2. Sola ambayo paneli na betri zimetengwa na taa. Kama stima hukatika kila mara, hii inaweza kupanda hadi ya kwanza. Tafuta betri iliyoandikwa LiFePO4 (aina ya lithiamu inayostahimili joto), maana joto letu huzimaliza nyingine haraka. Sensa, kile kifaa kinachohisi mtu akipita, iwe ya kupunguza mwanga pakiwa patupu, isiizime kabisa: taa inayolipuka ghafla usoni humtisha mama anayerudi na karai lake la viazi kuliko giza lenyewe. Uliza pia inadumu usiku ngapi bila jua, kwa ajili ya masika.

3. Sola ya kipande kimoja. Boksi linasema 300W. Igeuze uitazame paneli: ikiwa ya wati 20, jua kamili la saa 5 huleta wati-saa 100, ambazo ukizigawa kwa saa 12 za usiku unapata wati 8, na hapo hujatoa kinachopotea njiani. Kwa lango, sawa. Kwa barabara, wala usijisumbue, hasa chini ya mwembe.

4. Mulika mwizi ya ukutani, ile taa kali ya kumulika uwanja. Iache kwa yadi ya malori. Zile taa za barabarani za zamani za sodiamu, za rangi ya machungwa, hazikuumiza macho hivi, ila zilikula stima, na umeme ukirudi zilichelewa kuwaka.

Yoyote utakayochagua, chumvi ya bahari itaijaribu. Taka IP65 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji) kwenda juu, mwili wa alumini, na bolti za chuma cha pua. Bolti za kawaida hushika kutu taa yenyewe ikiwa bado mpya. Wa Nyali na Bamburi wanaopakana na ufuo wasielekeze mwanga baharini, kwani vifaranga vya kasa huufuata na kupotea.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe, usimame mbali kidogo uitazame. Warantii iandikwe kwenye risiti, betri itajwe kivyake.