Miezi minane na hita ya pampu ya joto

Tangi langu la zamani la kupashia maji ya kuoga lilipotoboka, fundi alinishauri nichukue hita ya pampu ya joto. Nilimcheka. Yaani mashine itafute joto kwenye hewa hii inayonitetemesha alfajiri? Akaniuliza, "Umewahi kupapasa mgongo wa friji? Basi hii ni friji iliyogeuzwa."

Na ndivyo ilivyo. Feni inavuta hewa, gesi inachukua joto lake, kompresa inaigandamiza gesi hiyo mpaka inakuwa moto sana, kisha joto linaingia kwenye maji. Umeme unatumika kulihamisha joto, si kulitengeneza. Kwa kuwa siamini maneno ya kwenye boksi, niliifungia mita yake ndogo. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 22 hadi 55 kwa koili ya kawaida ya umeme kunakula karibu yuniti 6. Hii inatumia 2 na kidogo.

Ila mwezi wa kwanza nusura niirudishe. Fundi huyohuyo aliifunga kwenye stoo finyu yenye mlango usiopitisha hewa. Stoo ikawa baridi, mashine ikakosa joto la kuvuta, ikaanza kuwasha koili yake ya akiba kila siku, na mita ikakimbia kama zamani. Tulipokata matundu makubwa juu na chini ya mlango, mambo yakatulia.

Usitegemee haraka. Tangi likiisha, nasubiri kama saa 4, kwa hiyo siku za wageni tunaoga kwa zamu. Nimeitega ifanye kazi mchana, hewa ikiwa na joto. Mara moja kwa wiki inapandisha maji hadi nyuzi 60 kwa koili ili kuua bakteria. Hapo mita inapanda, na sijaribu kuizuia.

Inavuma pia. Si kelele ya kuudhi, lakini ukutani mwa chumba cha kulala nisingeiweka. Halafu unyevu wa hewa ukipoa ndani yake unadondoka kama maji: nilitega ndoo nikasahau, asubuhi nikakuta sakafu imelowa. Siku hizi kuna mpira unaoyapeleka nje.

Mabomba ya maji moto nayo niliyavika sponji yasipoteze joto, kazi ya jioni moja.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni hiki: stoo ilikuwa na ukungu ukutani miaka yote, nikipaka rangi unarudi. Mashine imeinyonya unyevu wote, na ukuta sasa ni mkavu.