Jaribio la Google la kutambua baruapepe za kitapeli: nililifanya na shangazi

Wiki iliyopita shangazi alinionyesha baruapepe ya "hongera": ameshinda bahati nasibu, atume kwanza ada ya kushughulikia malipo. Tiketi hajawahi kununua. Hilo pekee lilitosha kuifuta, lakini nilitaka aweze kujiamulia siku ambayo sipo. Nikamfungulia Phishing Quiz, jaribio la bure lililotolewa mwaka 2019 na Jigsaw, kitengo cha Google.

Maswali ni 8. Linaomba jina na anwani ya kuweka kwenye mifano. Andika za kubuni. Kila swali ni barua moja, nawe unaamua kama ni ya kweli au ya matapeli. Uzuri wake uko kwenye maelezo yanayofuata jibu.

Shangazi alikwama kwenye barua ya faksi. Nembo safi, lugha safi. Nikamwomba asome anwani ya mtumaji kwa sauti, herufi kwa herufi. "E, f, a, c, k, s." Akanyamaza, akarudia. Kampuni halisi ya faksi huandikwa eFax! Kisha kikaja kiungo kinachoanza na drive.google.com, kikaendelea mpaka kuishia sytez.net. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mwenye tovuti humtafuti mwanzoni mwa anwani, unamtafuta mwishoni, kabla tu ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. "Kumbe Google wametangulizwa kama chambo," akasema.

Nimependa pia kwamba si kila barua ni ya uongo. Ya Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ni halali, naye shangazi aliikataa kwa woga. Anayeogopa kila barua atachoka, arudi kubofya ovyo.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mfano mmoja wa bahati nasibu, wakati hizo ndizo zinazowasumbua wazee wetu. Nyingi hazina hata kiungo cha kukagua. Kuna "wakala" tu anayetaka umjibu, umtumie nakala ya kitambulisho na ada, tena usimwambie mtu. Somo hilo ilibidi nilitoe kwa barua yake mwenyewe: anwani ya kujibu haikufanana kabisa na ya mtumaji.

Lifanyeni kwenye kompyuta, mkiweka kishale juu ya kiungo bila kubofya. Jaribio hili nalipatia nyota 4 kati ya 5. Shangazi alianza na majibu 4 sahihi, juzi akapata 7. Ya Dropbox bado haiamini.