Gari la waya la kununua: lisukume kabla hujalipa

Magari ya waya yamerudi sokoni. Yako kwenye mabanda ya bidhaa za mikono, pembeni ya vinyago na mikeka, yamepakwa rangi na kupangwa kwa ukubwa: malori, mabasi, Landrova, hata matrekta. Wanunuzi wake wengi ni watu wazima waliokulia shamba na ambao sasa wanalea watoto ndani ya geti. Wanataka mtoto aonje walau kipande cha ule utoto wa kutoka asubuhi na kurudi jua likizama, bila kuulizwa ulikuwa wapi, maadamu mbuzi wametimia zizini. Nia hiyo ni njema, na gari zuri la waya linaweza kuitimiza. Shida ni kwamba mengi yanayouzwa leo yametengenezwa yakae kabatini.

Kijijini gari la waya lilikuwa chombo cha safari. Mtoto akitumwa chumvi dukani alikwenda nalo. Akienda kuchunga alikwenda nalo, akaliegesha chini ya mwembe, akapanda juu na wenzake. Lilipita kwenye mchanga, mizizi, madimbwi na matuta ya mihogo, na jioni likalala nje ya mlango likiwa zima. Kwa hiyo kipimo cha tathmini hii ni kimoja: je, linaendeshwa? Rangi na mapambo havikuhesabiwa.

Anza na usukani, kwa sababu hapo ndipo magari mengi ya kununua yanapofeli. Gari la waya halivutwi kwa kamba. Mtoto hutembea nyuma yake ameshika duara la usukani, na fimbo ya usukani inashuka kwa mshazari hadi kwenye ekseli ya mbele, yaani waya unaobeba magurudumu. Fimbo ikizungushwa, ekseli inageuka. Ili kazi hiyo ifanyike sawasawa, fimbo lazima ipite kwenye vitanzi viwili, kimoja juu ya paa au nyuma ya kibini, kingine chini kwenye chasisi. Magari mengi ya kabatini yana kitanzi kimoja tu. Matokeo yake ekseli inayumba, na kwenye kona gari linalala upande mmoja. Shika fimbo kwa mkono mmoja na chasisi kwa mwingine, kisha itikise. Ikicheza zaidi ya unene wa waya wenyewe, liache.

Mlalo wa fimbo nao una maana kubwa. Ikilala sana kuelekea nyuma, kuizungusha kunainua gurudumu moja badala ya kuligeuza, na gari linakwenda mbele tu huku mtoto akihangaika. Mlalo mzuri ni wa nyuzi 60 hivi kutoka ardhini, maana yake mtoto anatembea karibu na gari lake. Urefu unategemea kimo: duara la usukani likae kati ya kitovu na kifua. Kwa mtoto wa miaka 7 au 8, fimbo ya kama mita 1 inatosha. Yanayouzwa kama mapambo huwa na fimbo ya sentimita 40 au 50, na mtoto analazimika kuinama mpaka mgongo umuume. Dakika 10 zikiisha gari limetupwa.

Fimbo ya waya mmoja mwembamba ina kasoro nyingine: inajisokota. Unageuza usukani, waya unajinyonga kwanza, ndipo ekseli inafuata kwa kuchelewa. Mafundi wazuri husokota nyaya mbili pamoja, au hutumia fito iliyonyooka iliyofungwa waya chini. Fito ni nyepesi, haijisokoti, na ikivunjika inakatwa nyingine kichakani. Ukiona gari lenye fito, usilidharau kwamba ni la kishamba. Fundi huyo anajua kazi.

Magurudumu bora mpaka leo ni ya ndala. Sponji yake ni nyepesi, inashika ardhi, na inameza mitikisiko ya njia yenye mawe. Gurudumu la bati au la kizibo linateleza kwenye sakafu, linapiga kelele, na kingo zake zinaweza kukata kidole. Kwa lori la urefu wa sentimita 40, gurudumu liwe na kipenyo cha sentimita 6 au 7. Kila ndala hutoa magurudumu mawili mazuri, moja kisiginoni na moja mbele ya katikati. Pale palipopita mikanda pana matundu, na hapafai. Kisigino kikaguliwe vizuri kabla ya kukatwa: ndala iliyovaliwa muda mrefu inalika upande mmoja, na gurudumu lake huwa nene huku na jembamba kule. Hilo ndilo gurudumu linalopepesuka hata tundu likiwa katikati kabisa.

Tundu linatobolewa kwa msumari uliopashwa moto, uwe mwembamba kuliko ekseli. Sponji inayeyuka na tundu linapanuka lenyewe. Ukianza na msumari mnene, gurudumu litacheza kuanzia siku ya kwanza. Ekseli nzuri ni spoku ya baiskeli: ina unene wa kama milimita 2, ni ngumu, imenyooka, na haipindi lori likipakiwa mchanga. Ubavu wa mwavuli uliokufa pia ulitumika sana, lakini ule wa bati lililokunjwa unavunjika ukipinda mara mbili. Kati ya gurudumu na ncha ya ekseli iliyokunjwa lazima kuwe na washa, yaani kipande bapa chenye tundu, hata kama ni kizibo cha soda kilichopigwa nyundo kikawa bapa. Bila washa, ncha inaila sponji na gurudumu linachomoka.

Sasa geuza gari juu chini uangalie viungo. Chasisi na mbavu za bodi ziwe za waya wa mabati, ule wa seng'enge nyororo isiyo na miiba, wa unene wa milimita 2.5 hivi. Mwembamba kuliko huo unapinda gari likikanyagwa, na mnene wa milimita 4 mkono wa kawaida hauwezi kuukunja kwa kona safi. Lori zima hutumia kama mita 6, uzito wa robo kilo. Viungo ndivyo vinavyoamua maisha yake. Vilivyofungwa kwa waya laini wa kufungia nondo, au kwa mkanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli uliovutwa kwa nguvu, hudumu. Mkanda wa tyubu ni mzuri zaidi: kiungo kinanesa kidogo gari likigonga jiwe, kisha kinarudi mahali pake. Viungo vya kulehemu kwa risasi vinapendeza macho, lakini mtikisiko unavipasua kimoja baada ya kingine, na mtoto hana cha kuvirudishia.

Hiyo ndiyo hoja nzito ya tathmini hii. Gari la waya la kijijini lilikuwa zuri kwa sababu mwenye gari alikuwa na umri wa miaka 9 na aliweza kulitengeneza mwenyewe, palepale njiani, kwa jiwe na meno. Gurudumu likichanika alitafuta ndala nyingine jalalani. Bodi ikipinda aliinyoosha juu ya gogo. Hakusubiri mtu mzima arudi kutoka kazini. Uhuru tunaoukumbuka kwa hamu ulikuwa ndani ya vitu vyenyewe: hakikuwamo kifaa ambacho mtoto hakukielewa. Gari lililolehemiwa, likapakwa rangi ya mafuta na kufungwa nati zinazohitaji spana, linamnyang'anya mtoto jambo hilo hata kama kwa sura linafanana na lile la zamani.

Usalama ni mambo mawili. Kila ncha ya waya iwe imekunjwa ndani ikawa kitanzi: pitisha kiganja taratibu, kikikwaruzwa mrudishie fundi. Pili, chunguza kama waya umechomwa motoni ili ulainike. Waya wa mabati uliochomwa umepoteza kinga yake ya zinki, na mvua za mwanzo zitauotesha kutu. Usiuchome nyumbani pia, kwani moshi wa zinki unadhuru kifua.

Hukumu yetu kwa magari yenyewe: lori lenye fimbo ndefu, vitanzi viwili na magurudumu ya ndala, nunua, hata kama bei iko juu, kwa sababu kazi yake ya mikono inachukua karibu siku nzima. Mabasi yana bodi nzuri lakini ni mazito juu na yanapinduka kwenye kona. Landrova fupi ndiyo inayogeuka vizuri kuliko zote, na kwa uwanja mdogo wa mjini ndiyo tunayoipendekeza.

Kwenye mabanda hayohayo utakuta manati. Panda, yaani kijiti chenye ncha mbili, iwe ya mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana. Mpera unaongoza, na wanaojua huukata mbichi, hufunga ncha mbili kwa kamba ili zilingane, kisha huukausha kivulini. Ukikaushwa juani unapasuka kwenye maungio. Unene wa kidole gumba unatosha, urefu wa sentimita 15. Tatizo la manati za leo ni mipira. Tyubu nyingi za magari sasa ni za mpira wa butili, unaoshika upepo vizuri lakini ukivutwa unarudi polepole. Jiwe linatoka kivivu na kuanguka karibu. Mpira asilia unarudi kwa kishindo. Jaribu: vuta kipande mara mbili ya urefu wake, kisha kiachie. Kikijikunja taratibu, ni butili. Mikanda iwe na upana wa sentimita 1 hadi 1.5 na urefu wa 20 hadi 25, iliyokatwa kwa wembe au mkasi bila kuacha meno pembeni, maana mpasuko huanzia kwenye jino. Gozi, yaani kipande cha kushikia jiwe, bora ni la ulimi wa kiatu cha ngozi. Iliyokatwa kwenye plastiki laini inateleza na jiwe linatoka upande.

Manati si ya mtoto mdogo. Kagua mipira kila mara: iliyokaa juani inatoa nyufa ndogo, na ikikatika inampiga anayevuta, usoni. Lengo liwe kopo juu ya kisiki, mahali pasipo na nyumba nyuma yake. Ndege waachwe. Kumbukumbu za shamba ni nzuri, lakini hili moja halina haja ya kurudi.

Mpira wa makaratasi, yaani chandimu, ndio uliotupa taabu kuutathmini, kwa kuwa malighafi yake imetoweka. Kiini chake kilikuwa mifuko ya nailoni, ile ya rambo, iliyoviringwa pamoja. Hewa iliyonaswa kati ya mikunjo ndiyo iliyoufanya mpira udunde. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 28, 2017 na Tanzania Bara Juni 1, 2019. Hatua hizo zilistahili, na mifugo iliyokuwa ikifa kwa kumeza nailoni imenufaika. Ila chandimu za kuuzwa siku hizi zimejazwa matambara ya pamba, na hilo ni kosa. Pamba inanyonya maji. Umande wa asubuhi peke yake unaugeuza mpira kuwa jiwe kwa mguu mtupu.

Mbadala unaofanya kazi ni sponji ya godoro. Chukua bonge la ukubwa wa ngumi, lizungushie vipande vya jezi kuukuu vya upana wa sentimita 3, kila mzunguko ukikatiza uliotangulia. Ukizungusha upande mmoja tu, mpira unakuwa yai. Ingiza ndani ya soksi, sokota mdomo, rudisha soksi juu yake tena, ongeza tabaka la sponji na jezi, mpaka mzingo ufike sentimita 45 au 50. Juu yake suka wavu wa kamba ya katani wenye matundu ya sentimita 2 au 3. Ukosefu wa wavu ndio unaofanya chandimu nyingi za kununua zifumuke kabla ya mapumziko. Mafundo yawe madogo na yasambazwe: fundo kubwa upande mmoja linaumiza kidole na kuupindisha mpira ukiwa hewani. Kamba ya migomba inafaa kwa mchezo wa siku moja, ikikauka inakatika.

Ringi ya baiskeli ndiyo isiyohitaji maneno mengi. Chagua ya baiskeli kubwa za zamani, inchi 28, iliyotolewa spoku zote, na kijiti cha sentimita 30 kinachokaa kwenye mfereji wake bila kubana. Izungushe chini: ikiruka imepinda, na iliyopinda haiendi mteremkoni. Usilipie iliyopakwa rangi mferejini, kwa kuwa kijiti kitaganda mpaka rangi ilike.

Chochote utakachonunua kati ya hivi, mwombe fundi akuongezee mita 2 za waya uleule, mkanda mmoja wa tyubu na ndala moja kuukuu. Wengi watakupa bure. Mkabidhi mtoto vitu hivyo siku ileile unapomkabidhi gari, pamoja na plaizi ndogo, na umwonyeshe mara moja tu namna ya kuchomoa gurudumu na kulirudisha.