jamovi kwa wanaoandika tasnifu Tanga: inapima vizuri, dodoso bovu haikutengenezei

Tanga mjini, njia iliyozoeleka ni kukusanya madodoso, kuyapeleka steshenari Ngamiani na kurudi kuchukua majedwali yaliyochapwa. Humo kuna namba moja ambayo msimamizi huiulizia mapema: alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi kauli za dodoso zinavyoshikamana. jamovi ni programu ya bure inayokuwezesha kuitoa mwenyewe na, zaidi ya hapo, kuona imetokea wapi. Imejengwa juu ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ila huandiki msimbo wowote, unabofya tu. Kuipakua kunakula mamia ya megabaiti, kwa hiyo tafuta Wi-Fi. Ikishaingia kwenye kompyuta inafanya kazi bila bando.

Tuchukue dodoso la kuridhika kwa abiria wa daladala za Pongwe. Kuridhika ni kigeu kisichoonekana kwa macho, hivyo hupimwa kwa kauli kadhaa, kila moja ikijibiwa kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa).

Mambo huanza kuharibika kwenye kuingiza data. jamovi ikikuta safu yenye namba nzima chache zinazojirudia huiweka Nominal, yaani majina ya makundi. Bofya mara mbili kichwa cha safu, kauli uzifanye Ordinal (ngazi zenye mpangilio), umri na nauli Continuous (namba za kupima). Mtaa uache ulivyo: kama 1 ni Chumbageni, 2 Makorora na 3 Ngamiani, wastani wa 2.1 si mtaa wowote. Hapohapo pana sehemu ya Missing values. Kama aliyeingiza data aliandika 99 kwa asiyejibu, itaje hapo. Wahojiwa 50, 49 wakiwa wamejibu 3 na mmoja akiwa na 99, wastani unaruka kutoka 3 hadi 4.92, na tasnifu inatangaza kuwa abiria wa Pongwe hawana shida hata moja.

Uhondo uko kwenye menyu ya Factor, kisha Reliability Analysis. Ingiza kauli za kigeu kimoja tu. Wengi humwaga dodoso zima, umri na jinsia ndani yake, halafu wanashangaa alfa kuwa 0.31. Weka tiki kwenye alfa na omega (kipimo kingine cha mshikamano huohuo), kisha kwenye takwimu za kila kauli chagua uhusiano wake na kauli zilizobaki, na alfa itakavyokuwa kauli hiyo ikiondolewa. Jedwali la pili, lenye takwimu hizo za kila kauli, ndilo la kusoma taratibu. Kauli kama "Kondakta hunijibu vibaya" itatoka na alama ya kutoa, na chini ya jedwali jamovi itakuandikia kuwa huenda inapaswa kugeuzwa. Ihamishie kwenye Reverse Scaled Items. Ila angalia: kugeuza huko ni kwa hesabu hiyo tu, safu ya data inabaki vilevile. Ukitaka wastani wa kuridhika baadaye, tengeneza safu mpya ya 6 kutoa jibu. Na kama ulishageuza kwenye Excel, usigeuze tena.

"Nauli ni nafuu na gari ni safi" ni ugonjwa mwingine. jamovi inaweza kuonyesha kuwa kauli hiyo haishikamani na nyingine, lakini haitakuambia kwa nini. Anayeona nauli nafuu na gari chafu ajibu nini? Vunja kauli hiyo iwe mbili, ujaribu upya kwa watu wachache kabla ya kazi yenyewe.

Usilewe na 0.70 inayotajwa kila mahali kuwa ndiyo alfa ya kutosha. Alfa, kama Cronbach alivyoieleza mwaka 1951, hupanda pia kwa wingi wa kauli. Kauli 5 zenye uhusiano wa wastani wa 0.3 hutoa takriban 0.68, ziwe 10 zenye uhusiano uleule, inafika 0.81. Mshikamano wa kauli haukuboreka, dodoso limerefuka tu. Ikipita 0.95, shuku kuwa unauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Na alfa kubwa haithibitishi uhalali: kauli zote zinaweza kushikamana vizuri na bado zikapima upole wa kondakta badala ya kuridhika na usafiri.

Upungufu wa jamovi: kupima makubaliano ya wadadisi wawili, tuseme wanaopanga samaki wa soko la Deep Sea kuwa wabichi au walioharibika, kunahitaji moduli ya ziada, na kuipakua kunataka intaneti. Usikwepe kwa kuripoti asilimia tupu. Katika samaki 100, wote wawili wakiita 90 wabichi, kisha kila mmoja akikataa 5 ambao mwenzake amewapitisha, makubaliano ni 90%, lakini kappa, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya kubahatisha, ni karibu -0.05, chini ya bahati nasibu.

Kama bado unamlipa mtu akufanyie uchambuzi, mdai faili la .omv, yaani faili la jamovi lenyewe, badala ya PDF. Data na matokeo vimo humo pamoja. Ukibofya jedwali lolote, mipangilio iliyotumika inafunguka, na utaona kauli zipi ziliingizwa na zipi zilitupwa ili alfa ipande.